Habari za Ikulu za Kale na Mahali pa Kuzuru Kandokando ya Mwanza

Neno ikulu limeenea leo katika Kiswahili chote. Mtoto wa shule huko Lindi au Tanga hulitamka bila kufikiri, naye humaanisha nyumba ya Rais. Lakini neno hili halikuzaliwa pwani. Ni neno la Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi, na maana yake kwao ilikuwa mahali akaapo ntemi, yaani mtawala wa nchi, pamoja na wake zake, watumishi wake, ng'ombe wake na ngoma zake. Basi mgeni ajapo Mwanza, akaambiwa ya kuwa yuko katika nchi iliyotupa neno hilo, ana haki ya kuuliza: Hizo ikulu za kale ziko wapi, nipate kuzitazama?

Walimu waletao wanafunzi wao kutembea huuliza hivyo, nao huwa na siku moja tu au mbili. Mara nyingi hupelekwa kwenye jiwe la Bismarck, hupigwa picha, hula samaki, kisha hurudi kwao. Si vibaya, jiwe ni zuri na samaki ni watamu. Lakini swali lao halikujibiwa, na mimi naona ni swali lililo bora kuliko majibu wapewayo. Nitajaribu kulijibu hapa kwa kutaja mahali pachache panapofikika kutoka Mwanza kwa siku moja, pamoja na habari zake.

Jibu la kwanza ni kwamba ikulu yenyewe hutaiona. Wala si kwa sababu Wasukuma hawakuwa na watawala wakubwa. Nyumba za ntemi zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi kama nyumba za watu wengine, ila zilikuwa nyingi na kubwa zaidi, na boma lake lilizungushiwa ua wa miti, na mara nyingi wa minyaa. Tena, ntemi akifa, mara nyingi yule aliyemrithi hakukaa katika boma la marehemu. Alichagua mahali pengine, akajenga ikulu yake. Hivyo mji mkuu wa nchi ulitembea pamoja na mtawala. Mambo yalikuwa hivyo hata ng'ambo ya ziwa, katika Buganda, ambako kabaka baada ya kabaka alihamia kilima chake. Kasubi, ambako watalii huenda kutazama makaburi ya wafalme, palikuwa ikulu ya Mutesa wa kwanza kabla ya kuwa kaburi lake mwaka 1884. Waganda wakaliweka jengo lile na kulifanyia matengenezo kizazi hata kizazi, nalo lilipoteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010 wakaanza tena kulijenga. Usukuma hawakuwa na desturi hiyo ya kuiweka nyumba. Walichokiweka ni ngoma, viti na majina.

Kwa habari ya jina ntemi, wazee hulieleza kwa njia mbili. Wengine husema latoka katika kutema miti, maana ntemi wa kwanza alikuwa kiongozi wa watu waliofyeka pori na kufanya makao. Wengine husema ni kwa sababu yeye ndiye aliyekata maneno, yaani aliyeamua mashauri. Sioni haja ya kuchagua moja na kuitupa ya pili. Sisi wenyewe katika Kiswahili twasema kukata shauri, wala hatusahau kwamba kukata ni kazi ya panga. Na jina la Wasukuma nalo si jina la babu mmoja, bali ni jina la upande wa dunia: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini. Wanyamwezi waliwaita ndugu zao wa upande wa ziwa watu wa kaskazini, na jina likakaa.

Ntemi hakuwa mwenye nguvu peke yake kama wengi wadhanivyo. Alichaguliwa na wazee katika ukoo wa utawala, na zamani katika nchi nyingi za Usukuma urithi ulipitia upande wa mama, hata mtoto wa dada yake ntemi akatawazwa, si mwanawe mwenyewe. Alitazamiwa kuleta mvua, kubariki mbegu na kulinda nchi. Mvua ikikosekana, yeye ndiye aliyeulizwa. Hans Cory, mtu wa Austria aliyekuwa mchunguzi wa desturi katika Serikali ya Tanganyika, aliandika kitabu juu ya ibada za kumtawaza ntemi, kikapigwa chapa mwaka 1951. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1963, utawala wa watemi ulikuwa umekwisha kuondolewa na sheria ya Serikali ya nchi huru. Zile ikulu makumi, kila moja na nchi yake ndogo, zikawa nyumba za watu wa kawaida, au mashamba, au pori. Jina likaenda kukaa kwa Rais. Hata mjini Mwanza iko Ikulu ndogo anamofikia Rais azurupo mkoa, na hivyo neno limerudi nyumbani limevaa nguo mpya.

Yafaa pia msomaji ajue ya kuwa Mwanza haukupata kuwa ikulu ya Usukuma mzima. Ulikuwa makao ya nchi moja ndogo kando ya maji. Ukuu wake uliletwa na bandari, kisha na Wadachi, kisha na Waingereza walioufanya makao makuu ya Jimbo la Ziwa. Watemi walipounganishwa katika baraza moja baada ya Vita Kuu ya pili, baraza hilo liliwekwa Malya katika nchi ya Kwimba, wala si Mwanza. Lakini ni Mwanza walikofikia wageni, na kwa hiyo ndipo tuanzapo.

Katikati ya mji pana mnara wa saa, na juu yake kibao kitajacho ya kwamba Bwana Speke aliliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Kutoka mnarani hata kilimani si mbali. Wanafunzi waweza kwenda kwa miguu asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Ni vema wapande. Wakiwa juu kati ya yale majabali makubwa yaliyopangana kama magunia, wataona maji, visiwa na paa za mji, nao waweza kusomewa habari yenyewe.

Habari ni hii. John Hanning Speke aliondoka Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Julai 1858, akamwacha mwenzake Burton mgonjwa. Macho yake mwenyewe yalikuwa hayajapona vizuri. Alikuwa na wapagazi, askari wa Kibaluchi, na mtu mmoja aliyekuwa kinywa chake na masikio yake: Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa Bara Hindi, akarudi mtu mzima. Speke hakujua Kiswahili, ila alijua Kihindustani, na Bombay alikijua pia. Basi Speke alipofika Mwanza na kumwuliza mwenyeji habari za ziwa, swali lilitoka kwa Kihindustani, likageuzwa Kiswahili, kisha likafika kwa Kisukuma. Na jibu likarudi kwa njia ile ile. Kibao cha mnarani hakimtaji Bombay. Wala hakimtaji Mahaya, aliyekuwa mtawala wa Mwanza siku zile na kumpokea mgeni, wala Mansur bin Salim, Mwarabu mfanya biashara aliyekuwa akikaa pale na kumweleza mengi.

Katika maandiko ya Speke imo habari moja ambayo ningependa kila mwalimu aisimulie pale juu. Aliletewa mwenyeji mmoja aliyesifiwa kuwa amesafiri kuliko wengine wote, akaulizwa urefu wa ziwa. Mtu yule akageuka kuelekea kaskazini, akatikisa kichwa, akarusha mkono mbele mara kwa mara huku akialisha vidole, kisha akasema kwamba hakuna ajuaye, ila yeye adhani lafika mwisho wa dunia. Wako wasomao habari hii wakacheka. Sioni cha kuchekesha. Ziwa lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Mtu aliyelipima kwa mtumbwi na kasia alikuwa na sababu ya kusema hivyo, tena alikiri mpaka wa ujuzi wake. Speke mwenyewe alikaa siku tatu tu, akaondoka akitangaza kwamba amepata chanzo cha mto Nili. Alisema kweli, lakini hakuwa na ushahidi, na Burton alimpinga kwa sababu hiyo. Ilimpasa kurudi na kufika mahali maji yatokapo, huko Uganda, tarehe 28 Julai 1862. Ziwa akaliita kwa jina la malkia wake, Victoria. Wenyeji waliliita nyanza, maana yake maji makubwa, na Waarabu walikuwa wakilitaja kwa jina la kisiwa cha Ukerewe. Wengi hulihusisha hata jina la Mwanza, ambalo Wasukuma hutamka Ng'wanza, na neno lile la nyanza.

Ukishuka tena mjini, mambo ya Wadachi hayahitaji muda mrefu. Walianza kituo chao hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Iko nyumba kilimani ijulikanayo kwa jina la Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya zama zao, na liko lile jiwe majini liitwalo kwa jina la Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani ambaye hakupata kuliona. Waingereza waliutwaa mji tarehe 14 Julai 1916, nao wakaleta reli kutoka Tabora mwaka 1928. Bila reli ile pamba ya Usukuma isingalikuwa na njia nyepesi ya kufika pwani, na Mwanza ungalibaki mji mdogo.

Kisiwa cha Saanane kiko karibu sana, mwendo wa mashua wa dakika chache. Kiliitwa kwa jina la mtu aliyekaa humo akilima na kuvua. Mwaka 1964 kilifanywa mahali pa kufugia wanyama ili watu wawatazame, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya Taifa. Watoto hupapenda kuliko mahali pengine popote nitakapopataja, kwa hiyo wapelekwe mwisho wa safari, si mwanzo.

Sasa natoka mjini. Siku ya pili naiweka kwa Bujora, maana hapa ndipo lile swali la ikulu lipatapo jibu la kuonekana. Bujora iko kilometa zipatazo 20 kutoka Mwanza, kwa barabara iendayo Musoma, karibu na Kisesa. Padre David Clement, mmisionari wa shirika la Mapadre Weupe aliyetoka Kanada, alifanya kazi hapo tangu miaka ya 1950. Katika siku zile wamisionari wengi waliona ngoma za Wasukuma kuwa kizuizi. Yeye alizisikiliza. Akajifunza nyimbo, akakusanya vyombo, na mwaka 1968 nyumba ya makumbusho ikafunguliwa. Kanisa la hapo ni la mviringo kama msonge wa Kisukuma, na ndani yake alama za utawala zimetumiwa kwa kumheshimu Kristo Mfalme. Wako waliomlaumu kwa kuchanganya mambo, na wako waliomsifu. Mimi nasema tu kwamba asingalifanya hivyo, vitu vingi vilivyomo leo tungaliviona katika nchi za Ulaya, kama tungaliviona.

Kuna banda moja lililojengwa kwa umbo la kigoda cha ntemi, na ndani yake zimewekwa ngoma za watawala. Hapo wanafunzi wakae kimya kidogo. Ngoma hizi hazikuwa za kuchezea. Zilipigwa ntemi alipotawazwa, na watu walizitambua kwa sauti. Kiti na ngoma ndivyo vilivyobebwa ikulu ilipohama. Kwa hiyo mtu akiuliza ikulu ya kale i wapi, hapa aweza kuonyeshwa sehemu yake iliyosalia, ile isiyoliwa na mchwa pamoja na nguzo. Atazame pia mapambo meupe ya makombe ambayo watawala walivaa. Makombe yale ni ya bahari. Yalitoka pwani, yakabebwa mkono kwa mkono na kichwa kwa kichwa mwendo wa miezi, ili ntemi wa kando ya ziwa avae kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukipata. Mtu afundishaye kwamba bara lilikuwa limefungwa mpaka wageni walipolifungua na atazame kombe lile.

Banda jingine laeleza vyama vya ngoma. Vikubwa ni viwili, Bagika na Bagalu, na asili yao ni watu wawili walioshindana katika karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha. Kila mmoja alisifiwa kwa ngoma na kwa dawa zake, na mashindano yao yaligawanya Usukuma pande mbili hata leo. Mashindano hufanyika baada ya mavuno, makundi mawili yakicheza wakati mmoja uwanjani, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi upande wake. Hapana mwamuzi mwenye filimbi. Miguu ya watu ndiyo ihukumuyo. Kwa hiyo wachezaji walibuni kila hila: wengine walicheza na chatu, wengine na nungunungu, wengine na majembe wakiyarusha juu. Kila mwaka, mwezi wa Juni, mashindano hufanyika Bujora pamoja na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, na sikukuu hiyo huitwa Bulabo, kwa kuwa ulabo ni ua. Mwalimu awezaye kuchagua siku ya safari yake na achague hiyo.

Kuna jambo dogo jingine ambalo walimu wa lugha watalipenda. Makumbusho yaonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi ambazo Wasukuma walizitumia, kila rika na hesabu yake. Mtoto alihesabu kwa maneno yake, na mtu mzima kwa maneno mengine. Hapo kale mvulana alijifunza mambo kama hayo jioni penye shikome, yaani moto wa wanaume uwanjani, ambapo wazee waliota na kusimulia. Hapo ndipo zilipotolewa hadithi za Masala Kulangwa, kijana aliyemwua lile jitu Shing'weng'we na kuwatoa watu wote waliomezwa. Shikome zimekuwa chache. Shule imechukua watoto, na radio na simu zimechukua jioni.

Kutoka Kisesa barabara yaendelea mashariki, na ukiiacha ukaelekea upande wa maji wafika Kageye, katika wilaya ya Magu. Leo ni kijiji cha wavuvi. Mgeni ashukaye bila kuambiwa kitu ataona mitumbwi, nyavu na dagaa walioanikwa, naye atauliza kwa nini ameletwa. Lakini kwa muda wa miaka kama kumi mahali hapa palikuwa mlango wa ziwa lote. Misafara ya kutoka pwani ilikomea hapa, na kutoka hapa watu walipanda mitumbwi kwenda Uganda. Waarabu na Waswahili walifanya hapa biashara ya pembe na ya watu, na hilo lisifichwe kwa wanafunzi.

Henry Morton Stanley alifika Kageye tarehe 27 Februari 1875, siku ya 103 tangu kuondoka Bagamoyo. Watu wake wengi walikuwa wamekufa njiani au kutoroka. Wapagazi walikuwa wamebeba mashua vipande vipande, jina lake Lady Alice. Wakaiunga hapa, na tarehe 8 Machi akaanza kulizunguka ziwa. Aliporudi tarehe 6 Mei alikuta Mwingereza mmoja aliyemwacha nyuma, Frederick Barker, amekufa kwa homa tarehe 23 Aprili na kuzikwa karibu na maji. Katika safari ile Stanley alimwona Kabaka Mutesa, akapeleka barua Ulaya ya kuwaita wamisionari. Barua ikasomwa na watu wengi, na kwa sababu yake wamisionari wa Kianglikana walifika Kageye mwanzoni mwa mwaka 1877. Daktari John Smith aliyekuwa pamoja nao alikufa papo hapo mwezi wa Mei. Mwisho wa Desemba 1878 wakaja Mapadre Weupe. Padre Lourdel na Bruda Amans wakatangulia kwa mtumbwi kwenda Uganda, na wengine wakangoja Kageye hata Juni 1879. Basi Wakristo wote wa Uganda, wa madhehebu yote mawili, waweza kusema kwamba imani yao ilipita katika ufuko huu mdogo. Wageni watokao Kampala hulijua jambo hili kuliko wenyeji wa Mwanza, nami naona hilo si sawa.

Upande mwingine wa mji, kusini, iko Bukumbi, mwendo wa kilometa zipatazo 30 kwa barabara iendayo kwenye daraja jipya la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Daraja lina urefu wa kilometa 3 hivi, nalo limekuwa lenyewe mahali pa kutembelewa. Gari lavuka kwa dakika chache mahali ambapo zamani watu walingoja kivuko saa nzima au zaidi. Wapitao kwa haraka hiyo wajue kwamba Bukumbi ni misheni ya mwaka 1883. Mapadre Weupe walioondoka Uganda mwaka 1882 walijenga hapo, mahali paitwapo pia Kamoga.

Na hapa yako mambo ambayo mtu hangeyatarajia. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, aliondolewa katika kiti chake. Huyu ndiye aliyeamuru kuuawa kwa Wakristo wengi kati ya mwaka 1885 na 1887. Alikimbia kwa mtumbwi kusini ya ziwa, akafika kwanza Magu kwa Waarabu, ambao hawakumtendea vema. Kisha akaja Bukumbi kuomba hifadhi kwa mapadre, ambao wakati ule walikuwa wamefukuzwa Uganda wenyewe na kurudi Bukumbi. Wakampokea. Wakristo wa Uganda waliokuwa wakimbizi wakamwendea kufanya naye mapatano, wale ambao ndugu zao alikuwa amewachoma moto, na mwaka 1889 wakamsaidia kurudi katika ufalme wake. Kwa hiyo kwa miezi michache kabaka wa Buganda hakuwa na mji mkuu mwingine ila nyumba ya misheni katika nchi ya Wasukuma. Baadaye Waingereza walimhamisha mpaka visiwa vya Shelisheli, akafa huko mwaka 1903, na mwaka 1910 mifupa yake ikarudishwa Kasubi. Mwaka 1890 Padre Hirth alipewa uaskofu Bukumbi na Askofu Livinhac. Mwaka huo huo, upande wa kusini kwenye misheni ya Usambiro, alikufa Alexander Mackay, yule fundi na mmisionari wa Kianglikana aliyekaa na Waganda miaka mingi.

Safari ya mwisho ni ya majini, kwenda Ukerewe, nayo yahitaji siku nzima, na afadhali kulala huko. Hapa nina neno kwa wenye kuongoza watoto. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, watu mamia wakafa, na wengi wao wamezikwa Igoma. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaa kupita kiasi. Mwalimu aonapo chombo kimejaa, asipande, hata kama nauli imekwisha kulipwa.

Ukerewe ni ufalme mwingine na lugha nyingine, Kikerewe. Mtawala wake huitwa omukama. Omukama Lukonge ndiye aliyempa Stanley mitumbwi ya kuwachukua watu wake. Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, wamisionari Shergold Smith na O'Neill waliuawa katika nchi yake. Vitabu vya zamani vilimtaja Lukonge kuwa mkatili tu. Lakini ugomvi ulikuwa juu ya chombo ambacho wamisionari walikinunua kwa Songoro, mfanya biashara wa pwani aliyekuwa na deni kwa Lukonge. Songoro alipokimbilia kwao wakamlinda, na wakafa pamoja naye. Mtu aweza kuhuzunika kwa ajili ya wafu na bado akaona kwamba omukama alikuwa na madai yake.

Huko Bukindo iko nyumba ya watawala wa Ukerewe, nayo imejengwa kwa kuta za kudumu, kwa kuwa ni ya zama za Waingereza. Hiyo basi ni ikulu ambayo mgeni aweza kuigusa kwa mkono. Lakini ikulu ya kale zaidi ya Ukerewe imo katika kitabu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda. Alisomeshwa na wamisionari, akaishi Kagunguli, akafanya kazi ya uandishi pamoja nao. Aliandika kwa Kikerewe habari za mtu Myombekere na mkewe Bugonoka, akamaliza mwaka 1945. Humo alieleza namna watu walivyolima, walivyotengeneza pombe, walivyoposa, walivyotibu tasa na walivyosalimiana, kwa neno lao lenyewe na kwa utaratibu wake. Miaka thelathini na zaidi mswada ulikaa bila kupigwa chapa, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Mwishowe Kitereza, hali mzee na mgonjwa, aliugeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, ukatolewa Dar es Salaam mwaka 1980. Naye akafa mwaka 1981. Mwenye kwenda Bukindo na akichukue kitabu hicho njiani. Ni kinene, meli kutoka Mwanza hata Nansio huchukua saa tatu na zaidi, na hazitoshi hata kwa sura za kwanza.